Wayua na Mfalme wa Misri

Wayua alikuwa mpiga msasa. Ukienda kwenye vibanda vya wachongaji kule Kariobangi, Nairobi, miaka ile, nyuma ya mafundi wa karai na masanduku ya bati, ungewakuta wanaume wameketi kivulini, tezo mkononi, mapaja yamejaa vibanzi vya mbao. Pembeni, kwenye mikeka, wake zao na dada zao walikuwa wakisugua. Mwanamume alichonga twiga, mwanamke akamlainisha. Ndivyo walivyoukuta utaratibu huo kwa wazee wao Ukambani, na hapakuwa na aliyeuhoji. Wayua alikuwa amesugua kazi za mumewe, Muasya, tangu alipoolewa. Viganja vyake vilikuwa vimekuwa vigumu, vidole vimevimba kwenye viungo, lakini angeweza kufumba macho, akapitisha kidole mgongoni mwa kifaru, akakuonyesha mahali patasi ilipoteleza.

Walikaa mtaa wa Jericho, katika zile nyumba kuukuu za baraza la jiji, chumba kimoja na jiko dogo. Binti yao wa pekee, Wanza, alikuwa ameolewa Voi. Walibaki wawili, na kati ya wawili hao msemaji alikuwa mmoja. Muasya alizungumza akipiga mswaki, akazungumza njiani, akazungumza akichonga. Alimsimulia mkewe hata mambo ambayo mkewe alikuwapo yalipotokea. Wayua aliitikia tu. Majirani walimwona mwanamke wa maneno machache. Yeye hakuona haja ya kuongeza, maana maneno ya Muasya yaliitosha nyumba nzima na yakabaki.

Mwaka wa tisini na sita akaja kibandani mtu mmoja aitwaye Obura. Zamani alikuwa dereva wa ofisi fulani huko Kairo, na aliporudi alianza kujenga gesti ya ghorofa, si mbali na barabara ya Outering. Alikunjua picha kubwa aliyoikata kwenye kalenda. Ilikuwa picha ya ukuta wa mawe uliochongwa. Katikati alisimama mfalme kijana, nguo yake nyembamba imejaa mikunjo, nyoka ameinua kichwa kwenye paji lake la uso. Nyuma yake kulikuwa na mungu mwenye mwili wa mtu na kichwa cha kozi, yule ndege mwindaji. Mbele yake, wakiangaliana, mungu wa kike, kichwani ana pembe za ng'ombe na katikati ya pembe hizo duara la jua. Kwa mkono mmoja alimshika mfalme mkono. Kwa mwingine aliinua mkufu wake mpana ili mfalme auguse.

"Nataka hii kwenye mbao ya mvule, kubwa kama mlango," Obura alisema. "Watu watokeze kidogo tu, kama wanaotoka ndani ya mbao."

Muasya aliiinamia picha, akacheka kwa furaha. "Wote wanatazama upande! Hakuna hata mmoja anayenitazama mimi."

"Ndivyo walivyochonga. Niliwahi kusimama mbele ya ukuta kama huo ndani ya kaburi la mfalme. Ni baridi humo, lakini mimi nilitokwa jasho."

"Na huyu mama anamfanyia nini?"

"Anampokea. Mfalme hapo ameshakufa. Amefika ng'ambo, hajui mtu, ndipo huyu akamjia akamshika mkono."

Muasya alimgeukia mkewe kwenye mkeka. "Umesikia, Mama Wanza? Hata mfalme anaogopa kufika ugenini peke yake."

Mbao ilipatikana, na Muasya akaanza. Kwanza alimchonga mungu wa kozi, kwa sababu ndege alikuwa amezoea kuwachonga. Kisha akaingia kwa mfalme, na hapo akapunguza maneno, jambo ambalo wachongaji wenzake waliligundua wakamtania. Alichonga ile mikunjo ya nguo moja moja. Alichonga uso, shingo, mkono wa kushoto ulionyooshwa kuelekea kwenye mkufu, na mkono wa kulia ulioshuka chini kiganja kikiwa wazi. Mungu wa kike alibaki mistari ya penseli. "Huyu wa mwisho," alisema. "Uso wa mwanamke haupendi haraka."

Asubuhi moja, akiwa anaanza kazi, tezo lilimtoka mkononi. Aliliangalia pale chini kama mtu anayeangalia kitu asichokijua jina. Alipojaribu kusema, mdomo ulikwenda upande. Ilikuwa kiharusi.

Hospitalini Wayua aliketi kando ya kitanda siku baada ya siku. Mume alikuwa amenyamaza, macho yake tu yakimfuata. Wayua alijua kwamba sasa ilikuwa zamu yake kuzungumza, na hakujua watu huanzia wapi. Alimwambia mvua imenyesha. Alimwambia Wanza yuko njiani. Baada ya hapo alinyamaza, akamrekebishia shuka. Alasiri moja alitoka hadi getini kununua uji, kwa kuwa ule wa wodini Muasya alikuwa anautema. Aliporudi, walikuwa wameshamfunika.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee aliyefungwa mguu, alimwambia kwa upole, "Alikuwa akinyoosha mkono, mama. Nikadhani anataka maji. Nikamwita nesi."

Wayua alisimama na chupa ya uji mkononi. Bado ilikuwa moto.

Walimzika kwao, Wamunyu. Shemeji zake walimwambia abaki nyumbani, Nairobi hakuna kilichomsalia. Wanza naye alimwomba waende wote Voi, lakini nyumba ya Wanza ilikuwa ndogo na mtoto alikuwa mchanga. Wayua alijibu kwamba ana vitu vya kumalizia mjini. Hakusema ni vitu gani, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajui bado.

Alipofika kibandani aliukuta ubao umegeuzwa uso ukutani. Mutisya, aliyekuwa mkubwa wa wachongaji pale, alikuwa ameshaitoa ile picha ya kalenda na kuinyoosha kwa mkono.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Hii usiiwazie. Nitaimaliza mimi, na jina litabaki la marehemu."

Alikuwa mtu mwema, na alisema kutoka moyoni. Wanaume wengine walitikisa vichwa kukubali. Wayua aliomba ubao ugeuzwe. Ulipogeuzwa, mfalme alikuwa pale pale, ameshusha mkono, kiganja wazi, na mbele yake mistari ya penseli. Wayua aliuangalia mkono ule mpaka Mutisya akaona aibu akatazama kando.

"Huyu nitamchonga mimi," Wayua alisema.

"Nani?"

"Huyu mama."

Wachongaji waliacha kazi, wakamgeukia. Nyundo za wafua karai tu ndizo zilizosikika huko nje.

"Shemeji, hii si kazi ya msasa. Mbao ni moja. Patasi ikikosea hakuna ya pili."

"Najua."

"Tumuulize mwenyewe basi."

Obura alipoitwa, alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akafikiri. Alikuwa amempenda Muasya. Mwishowe alisema, "Jaribu, mama. Ukiona imekushinda, usione haya, mpe Mutisya." Wayua hakuweza kuchonga mbele ya macho ya wanaume wale. Akakodi mkokoteni kuupeleka ubao Jericho, yeye akitembea kando na kuushikilia usiteleze.

Kijana aliyevuta mkokoteni alikuwa akigeuka kila mara. "Mathe, na huyu msee wa kichwa cha ndege ni nani?"

"Mungu wa Misri."

"Sasa huyo akiwekewa kuku mezani, si ataona amewekewa kaka yake?"

Wayua alikaribia kucheka. Kisha akamsubiri Muasya ajibu. Hatua kadhaa zilipita kabla hajakumbuka.

Nyumbani aliuegemeza ubao ukutani, mkabala na kitanda, mwanga wa dirisha ukiuangukia. Alifanya mazoezi kwanza kwenye vipande vya mbao vilivyotupwa. Kiganja kilijua kila kitu kuhusu mbao, lakini mkono ulioshika patasi ulikuwa mkono wa mtoto. Alichonga sikio likawa kitovu. Alichonga vidole vikawa ndizi. Majuma yalipita hivyo. Alipothubutu kuugusa ubao wenyewe, alianza na upindo wa vazi la mungu wa kike, chini kabisa, mahali ambapo kosa lingeweza kufichika.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Asenath, mwanamke wa Kakamega, mama wa watoto wanne, mkubwa wao Kweyu, muuza mboga katika soko la Jericho. Walikuwa wakisali pamoja, na kila Jumatano kikundi cha akina mama wa kanisa lao kilikutana kwa Wayua, kwa kuwa hapakuwa na watoto wadogo wa kupiga kelele. Tangu msiba Asenath alikuwa akimletea mboga kila jioni na kukaa naye mpaka ugali uive. Lakini alikuwa hajaingia tangu ubao ulipofika, na siku aliyoingia hakukaa.

"Mama Wanza, akina mama wamenituma. Jumatano tutakutana kwingine."

"Kwa nini?"

Asenath aliutazama ubao kwa pembe ya jicho, akauondoa uso. "Umewaweka miungu wa Farao chumbani unakolala. Watu wanasema mume amekufa akiwachonga, na mke ameendelea. Mimi sikusema hivyo. Lakini hata mimi naogopa."

"Ni mbao, Mama Kweyu. Ni kazi tu, kama twiga."

"Twiga haabudiwi."

Wayua hakuwa mtu wa kujibizana, na labda ndiyo maana alipojibu alijibu vibaya. "Na jina lako je? Si ulinieleza mwenyewe kwamba Asenath ni jina la binti wa kuhani wa hukohuko Misri? Mbona wewe hukulitupa?"

Asenath alibaki ameduwaa, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wa nyumbani. Aliweka mboga juu ya meza, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo walisalimiana kwenye mfereji, "Habari ya asubuhi," "Nzuri," kila mmoja akiangalia ndoo yake inavyojaa.

Kile kilikuwa kipindi kigumu kuliko hata cha mazishi, maana kwenye mazishi kuna watu. Jumatano ilifika, ikapita, viti vikiwa vimepangwa ukutani. Wayua alisikia nyimbo za akina mama kutoka nyumba ya tatu, akazijua sauti zote, akajua ni nani ameanzisha kwa sauti ya juu mno. Angeweza kuurudisha ubao kibandani na kuomba msamaha, wangempokea. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Kila alipolifikiria aliuona mkono wa mfalme, akashika tena patasi.

Alipofika kifuani mwa mungu wa kike, kibanzi kirefu kiling'oka kikafuata nyuzi za mbao hadi kwenye mkono ulioinua mkufu. Wayua alikiokota, akajaribu kukirudisha kama mtu anayefunga jeraha. Hakikukaa. Akaketi kitandani, akamtazama yule mwanamke asiye na uso, na hasira ikampanda ambayo hakujua alikuwa nayo.

"Ulikuwa wapi?" alimwambia kwa sauti. "Umesimama hapo unampokea mtu. Ulimpokea wangu? Mimi nilikuwa getini nanunua uji. Wewe ulikuwa wapi?"

Sauti yake ilimshtua. Lakini ilikuwa imeshafunguka, na hakuizuia. Alimwambia habari za wodi, za mzee wa mguu uliofungwa, za jinsi alivyokaa majuma kando ya kitanda bila kumpa mumewe hata hadithi moja, mume ambaye maisha yake yote alimpa yeye hadithi. Alisema kwa Kikamba, akachanganya na Kiswahili, akalia, akaendelea. Mtoto mmoja wa Asenath alipita nje ya dirisha akaita wenzake, na Wayua akapangusa machozi, akachukua penseli, akauchora ule mkono upya, mwembamba zaidi, ukipita chini ya jeraha la mbao.

Akachonga pembe, jua na uso, na mkono uliomshika mfalme akauacha mwisho. Kwenye picha ulikuwa mkono kama wa malkia, vidole vyembamba vilivyogusa tu. Wayua alijaribu kuufuata kwa penseli, akaufuta. Mkono wa namna ile usingemshika mtu aliyeanguka. Aliweka kiganja chake mwenyewe ndani ya kiganja cha mfalme alichokiacha Muasya, akachora kukizunguka, akachonga alichokichora: viungo vilivyovimba, dole gumba pana, vidole vilivyofumbata kwelikweli.

Alikuwa akimalizia dole gumba siku Asenath alipobisha hodi. Nje kulikuwa na gari la kubeba mizigo, na godoro tayari juu yake. Mumewe Asenath alikuwa amepata kazi katika kiwanda kule Baba Dogo, nao walikuwa wanahamia mtaa wa Lucky Summer.

"Sikutaka kuondoka hivi hivi," Asenath alisema mlangoni.

"Karibu ndani."

Asenath alisita, kisha akaingia, na kwa mara ya kwanza akautazama ubao sawasawa. Alitazama pembe, jua, uso wa yule mama. Akashuka hadi kwenye mikono iliyoshikana.

"Anamshika kama mtu anayemvusha mtoto barabara," alisema.

"Mm."

"Nilidhani wanatisha." Alitoa leso akapangusa pua. "Utakuja Lucky Summer? Si mbali."

"Nitakuja."

Dereva alipiga honi. Walikumbatiana upesi, kwa namna ya watu wanaoona aibu, na Asenath akatoka. Chumba cha upande wa pili wa ukuta kilikaa kitupu muda mrefu. Wayua alikuwa hajawahi kujua ni kiasi gani cha maisha yake kilikuwa kelele za watoto wa watu wengine.

Ilibaki kazi aliyoijua. Alianza msasa kwa mungu wake wa kike, akaenda kwa kozi, na hatimaye akafika kwa mfalme. Mwili wa mfalme ulikuwa bado na alama za patasi ya Muasya, vijishimo vidogo vidogo vilivyofuatana, kila kimoja pigo moja la mkono wake. Siku kadhaa Wayua alijishughulisha na mengine. Alifua. Alipanga mitungi. Kisha akakunja kipande cha msasa, akaanzia mabegani. Unga wa mvule ulimwangukia mapajani, wa kahawia, mwepesi. Ilipofika jioni mfalme alikuwa laini kama jiwe la mtoni, na Wayua alifagia chumba akakaa katikati yake bila kuwasha redio.

Obura alipokuja kuuchukua ubao aliutazama akiwa amesimama, kisha akachuchumaa.

"Mkono huu," alisema, "kwenye picha si hivi."

"Si hivyo."

"Ule ulikuwa mwembamba. Wa kimungu."

"Ndio nilioweza, Bwana Obura. Ukitaka Mutisya aubadilishe, mwite."

Obura alisogeza uso karibu. Hakufurahi, alikuwa amebeba picha ile kichwani tangu Kairo. Lakini alipitisha kidole juu ya vile viungo vilivyovimba, akakipeleka pale kwa mfalme, akakirudisha. "Uache," alisema. Siku ya kufungua gesti aliutundika penye ngazi, akawatangazia wageni kwamba ni kazi ya marehemu fundi Muasya wa Wamunyu na mkewe huyu hapa. Watu walipiga makofi, wakarudi kwenye nyama. Wayua alikula kidogo, akaaga mapema.

Alirudi kibandani na patasi za mumewe. Mutisya alivuta gogo lake kando kidogo, na pengo likatosha mtu mmoja. Wayua alichonga mabakuli na miiko, baadaye nyuso za watu wakitazama upande, ambazo watalii walizishangaa na mara chache wakazinunua. Wanawake wa mkekani walichelewa kumzoea. Wanaume nao hawakumfanya mwenzao kamwe, ingawa hawakumfukuza. Alikaa kati ya makundi hayo mawili, na mchana alikula peke yake akiwa amewageuzia wote bega. Akina mama wa kanisa walirudisha Jumatano zao kwake, lakini Asenath hakuwapo, na mazungumzo yalikuwa ya adabu. Lucky Summer alikwenda mara moja. Alimkuta Asenath ana wageni.

Mwaka wa tisini na tisa alisikia kwamba Obura ameuza gesti na kurudi kwao Nyanza. Jumamosi moja baada ya kazi akapitia pale. Ngazi ilikuwa ile ile, lakini ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na mahali pa ubao palikuwa na televisheni juu ya kibao cha chuma. Msichana wa kaunta hakuwahi kuuona ubao wowote. Labda mzee aliondoka nao, alisema, au labda mafundi waliufanya meza.

"Kwani ulikuwa unatafuta mtu, mama?"

"Nilikuja kumtazama tu," Wayua alisema. "Asante."

Alitembea hadi Jericho kwa miguu, akapitia sokoni akanunua fungu la sukuma na nyanya mbili. Nyumbani aliwasha jiko, akabandika maji, akapima unga wa mtu mmoja kwa jicho bila kukosea, akapika.